Mkasi Mdogo, Kazi Kubwa: Jinsi ya Kuchagua Mkasi wa Kufungia Chambo cha Manyoya



Katika ukurasa huu wa stadi za kazi tumezoea kuandika juu ya mambo makubwa: mbegu bora, visima, majiko banifu, vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaandika juu ya kitu kinachoingia katika mfuko wa shati. Ni mkasi. Tena si kila mkasi, bali ule wa kufungia chambo cha manyoya, ambacho wavuvi wa mshipi hukiburuta nyuma ya chombo wanaporambaza kuwatafuta kolekole, nguru na jodari.

Huenda wengine watauliza: mkasi nao unahitaji makala nzima? Hata sisi tuliuliza hivyo, mpaka tulipopata hasara.

Tulivyokosea

Kikundi cha akina mama na vijana hapa Chikongola, Mtwara mjini, kilikuwa kimeanza kujifunza kufunga chambo cha manyoya ili kuwauzia wavuvi. Wanachama walichangishana, wakatukabidhi fedha za mfuko wao ili tuwanunulie vifaa. Tulinunua ndoano, nyuzi, na mikasi kumi na miwili ya bei ya chini kabisa tuliyoipata. Tuliporudi tulijisifu kwamba tumebana matumizi.

Haikuchukua muda ncha za mikasi zikaanza kupishana. Uzi ukawa unatafunwa badala ya kukatwa. Kutu ikaingia kwenye kiungo. Wanachama hawakulalamika, kwa sababu waliona ni msaada na msaada haulalamikiwi. Waliendelea kufunga, na chambo kikauzwa.

Siku moja mzee mmoja mvuvi alipanda kutoka pwani na ndoano tatu mkononi, tupu kabisa. Kijana aliyekuwa amemuuzia alimwamkia, "Shikamoo, babu." Mzee akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Haya, chukua kazi yako. Kolekole kaja, kauma, kaondoka na manyoya. Mimi nimebaki na chuma kitupu."

Tuliziangalia zile ndoano pamoja. Mafundo ya mwisho yalikuwa yamefumuka yote matatu. Mfungaji alikuwa amefunga vizuri, lakini alipotaka kukata uzi karibu na fundo, mkasi butu uliuvuta uzi kabla ya kuukata, na fundo likalegea. Likalegea kidogo tu, kiasi cha kutoonekana kwa macho. Samaki ndiye aliyeliona.

Mzee yule alikuwa amepoteza siku nzima ya kazi. Kijana mmoja wa kikundi, ambaye zamani alikuwa akivuta kokoro, alituambia wazi kwamba kama chambo hakiuziki yeye atarudi alikotoka. Maneno hayo yalituchoma. Tuliomba radhi mbele ya kikundi, tukarudisha fedha za mikasi kwenye mfuko wao, na tukaanza kujifunza upya. Yaliyomo katika makala haya ndiyo tuliyojifunza.

Chambo cha manyoya ni nini?

Samaki wakubwa wanaowinda karibu na uso wa bahari hufuata makundi ya dagaa na vibua. Wanachokiona kwanza ni mng'ao na mwendo. Kwa hiyo mvuvi anaweza kufunga kwenye shina la ndoano manyoya meupe ya jogoo, nywele za mbuzi, nyuzi za mfuko wa sandarusi au vipande vya karatasi ya kung'aa. Kikivutwa majini, kitu hicho huchezacheza kama samaki mdogo anayekimbia. Faida yake ni kwamba hakiozi, hakihitaji barafu, na kinaweza kutumika mara nyingi kikifungwa imara.

Kazi hii inafanyika duniani kote. Katika nchi za baridi watu hufunga ndoano ndogo sana zenye manyoya mepesi, ili zifanane na wadudu wanaoelea mtoni, na kwa sababu hiyo huziita "nzi". Majirani zetu wa Kenya wanaijua kazi hiyo. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Scotland na kuwaweka katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye ufungaji wa nzi bandia ukawa kazi ya mikono inayoajiri watu nchini humo, na nzi hao husafirishwa kuuzwa Ulaya na Marekani. Chambo chetu cha baharini ni kikubwa na si cha madoido kama hicho, lakini vifaa ni vilevile: jiliwa dogo la kushikia ndoano, uzi, gundi au rangi ya kucha ya kuziba fundo, na mkasi. Katika vyote hivyo, mkasi ndio unaoshikwa mara nyingi zaidi.

Kwa nini jambo hili lina uzito Mtwara

Wasomaji wa pwani ya kusini wanajua tumetoka wapi. Kwa miaka mingi bahari yetu iliumizwa na baruti. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wadogo, na huvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kuota tena. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi huo, na msako uliofanyika katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 uliupunguza sana. Kokoro la pwani nalo limepigwa marufuku, kwa kuwa huburuta nyasi za bahari na kuzoa samaki wachanga. Kusini mwetu, kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya mto Ruvuma, ipo hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 650, nchi kavu na baharini. Ndani yake kuna vijiji vya wavuvi wanaotakiwa kuvua kwa njia zisizoharibu.

Mshipi ni mojawapo ya njia hizo. Mvuvi wa mshipi humchukua samaki mmoja mmoja, hagusi matumbawe wala hazoi wachanga. Hata hivyo, kumwambia kijana "acha kokoro" bila kumwonyesha mshipi unaomlipa ni kumwachia njaa. Chambo cha manyoya hakitaondoa umaskini peke yake, na hatutaki kumdanganya mtu yeyote. Lakini kinawapa wavuvi kitu cha kutumia, na kinawapa wafungaji kazi ya kufanya hasa wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, upepo unapokuwa mkali na mitumbwi midogo ikawa imepandishwa mchangani.

Mambo saba ya kuangalia unaponunua

1. Ncha. Hapa ndipo penye kazi. Mfungaji hukata kwa milimita mbili au tatu za mwisho wa mkasi. Ncha zote mbili ziwe nyembamba, na zikutane kwa wakati mmoja bila moja kupita nyingine. Mkasi ambao ncha zake hazikutani sawasawa hautakufaa hata kama makali ya katikati ni kama wembe.

2. Urefu. Kwa chambo kidogo, mkasi wa sentimita 10 hivi, kutoka ncha hadi mwisho wa matundu, unatosha. Kwa chambo kikubwa cha baharini unaweza kuchukua wa sentimita 11 hadi 13. Mkasi mrefu wa fundi cherehani ni mzuri kwa kitambaa, lakini ncha yake iko mbali mno na vidole na haiongozeki.

3. Matundu ya vidole. Mfungaji mzoefu hauweki mkasi mezani kila mara. Huuvaa kwenye kidole cha pete, ukalala kiganjani huku vidole vingine vikizungusha uzi, na akitaka kukata huugeuza tu. Hivyo matundu yawe mapana ya kutosha na yasikwaruze ngozi. Matundu yanayobana huleta malengelenge, na mwenye malengelenge hufunga vibaya.

4. Makali. Iko mikasi yenye makali laini pande zote, na iko yenye meno madogo sana kama ya msumeno upande mmoja. Makali laini hukata uzi na unyoya kwa usafi. Yale ya meno hushika vitu vinavyoteleza, kama nyuzi za sandarusi na nywele za mbuzi, visikimbie mbele ya mkasi. Kwa kazi yetu ya baharini tumeona wenye meno upande mmoja unasaidia zaidi. Ubaya wake ni kwamba upande wa meno haunoleki kirahisi.

5. Kiungo. Angalia pale mabapa mawili yanapoungana. Kama pana skrubu, unaweza kuikaza mkasi unapolegea. Kama pana ribiti iliyogongwa, mkasi ukilegea itabidi uigonge tena kwa uangalifu, au uutupe.

6. Chuma. Kwa watu wa pwani, chuma kisichoshika kutu upesi ni bora, ingawa baadhi ya mikasi ya chuma cha kawaida hupata makali mazuri sana. Ukichagua cha kawaida, jua kwamba umechagua kukifuta na kukitia oili kila siku. Tutarudi kwenye jambo hili.

7. Mkono. Mwanachama anayetumia mkono wa kushoto apewe mkasi wa mkono wa kushoto ukipatikana. Mkasi wa kawaida umetengenezwa ili kidole gumba cha kulia kiyasukume mabapa yagusane. Ukishikwa kwa kushoto, kidole huyatenganisha, na uzi hujikunja katikati bila kukatika. Wengi wameambiwa hawana ufundi, kumbe mkasi si wao.

Jaribu kabla ya kulipa

Methali husema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mtu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Lakini aliyetunga methali hiyo hakusema mkulima anunue jembe lililopasuka. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kujaribu. Nenda dukani na kipande cha uzi unaoutumia, unyoya mmoja na karatasi laini ya tishu. Kisha fanya hivi:

• Funga mkasi na uuelekeze kwenye mwanga. Mabapa yaguse kwenye kiungo na kwenye ncha, na katikati ya sehemu hizo pawe na uwazi mwembamba kama unywele. Uwazi huo si kasoro. Unaonyesha kwamba mabapa yamepindwa kidogo makusudi, ili makali yagusane sehemu moja tu kwa wakati kadiri mkasi unavyofungwa.

• Fungua na kufunga polepole karibu na sikio. Sauti iwe moja, laini. Ukisikia kukwaruza au kugota mahali fulani, pana kibanzi au pengo kwenye makali.

• Shika tundu moja, mkasi ukiwa wazi, na uache bapa la pili lishuke lenyewe. Likianguka mara moja hadi mwisho, kiungo kimelegea. Lisipotikisika kabisa, kimekazwa mno. Linalofaa hushuka taratibu na kusimama njiani.

• Kata uzi mmoja kwa ncha tu, bila kuuvuta. Ukatike mara moja.

• Lowesha tishu na uikate kwa ncha. Mkasi mzuri huacha mstari safi. Mkasi butu huirarua au huiburuta. Jaribio hili ni gumu kuliko la karatasi kavu, na mikasi mingi inayong'aa dukani hushindwa hapo.

• Vaa mkasi kwenye kidole cha pete na ufunge kiganja mara kumi. Kama unakuumiza ndani ya dakika moja, fikiria saa nne za kazi.

Usiamini maandishi peke yake

Mikasi mingi imepigwa muhuri wenye neno "Stainless", au jina la mji au nchi. Ni kweli kwamba Solingen, Ujerumani, ni mji unaosifika tangu zamani kwa visu na mikasi, na kwamba Sialkot, Pakistan, hutengeneza vifaa vya upasuaji vinavyouzwa duniani kote, pamoja na mikasi midogo mizuri. Lakini muhuri ni rahisi kuigiza kuliko makali. Majaribio tuliyoyataja hapo juu yana uzito kuliko muhuri wowote.

Wengine huja na sumaku. Wanasema kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku, kwa hiyo mkasi ukivutwa ni bandia. Kwa sufuria na vijiko hoja hiyo huweza kuwa na ukweli, lakini kwa mkasi inapotosha. Chuma kisichoshika kutu ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kipo cha aina nyingi. Ile inayotumika kwa sufuria haivutwi na sumaku, lakini pia haiwezi kufanywa ngumu kwa moto, hivyo haishiki makali. Ile inayofaa kwa visu na mikasi hufanywa ngumu kwa moto, na huvutwa na sumaku. Kwa hiyo mkasi unaovutwa na sumaku usiukatae kwa sababu hiyo.

Tena, "kisichoshika kutu" ni lugha ya dukani. Chumvi ya bahari hukila hata chuma hicho taratibu, kwa kutoboa vishimo vidogo. Kinachukua muda mrefu zaidi, basi.

Mikasi inayopatikana kwetu

Duka linalouza mikasi ya kufungia nzi halipo karibu nasi, na kuagiza nje ni gharama. Lakini iko mikasi inayokaribiana nayo:

Mkasi wa kudarizi hupatikana penye maduka ya vitambaa na vifaa vya cherehani. Una ncha nyembamba na urefu unaofaa. Huu ndio tunaoupendekeza kwa anayeanza.

Mkasi mdogo wa upasuaji huuzwa katika maduka ya vifaa vya tiba. Ni imara, na ncha zake ni nzuri sana. Nunua mpya tu. Mikasi iliyotupwa na zahanati au hospitali isiokotwe kamwe, hata ikichemshwa nyumbani. Inaweza kubeba maradhi.

Mkasi wa kucha wenye ncha iliyopinda hukata vizuri karibu na fundo, lakini matundu yake huwa madogo na makali yake mafupi.

Kikatia kucha cha kawaida si mkasi, lakini kila mfungaji awe nacho. Nailoni ya mshipi ni ngumu, na kikatia kucha huikata kwa usafi bila kuharibu mkasi wako.

Mikasi miwili, kazi mbili

Fundi cherehani hakubali mtoto akate karatasi kwa mkasi wake wa kitambaa. Ana sababu. Mfungaji wa chambo naye awe na mikasi miwili. Ule mzuri ni wa uzi na manyoya laini peke yake. Wa pili, hata ukiwa wa zamani, ni wa uti wa unyoya, karatasi ya kung'aa, nyuzi za katani na sandarusi. Waya wa kumzuia nguru asikate mshipi kwa meno ukatwe kwa koleo. Waya mmoja tu ukikatwa kwa ncha ya mkasi mzuri huacha pengo, na pengo hilo litashika uzi kila siku.

Na hata katika mkasi wa pili, kitu kigumu kikatwe ndani karibu na kiungo. Huko nguvu ya mkono ni kubwa na chuma ni kinene. Ncha ziachwe kwa vitu vyembamba.

Kutunza: adui ni chumvi

Mtwara hewa yenyewe ina chumvi. Mkasi ulioachwa dirishani huanza kubadilika rangi hata kama haujaguswa na maji. Taratibu zetu sasa ni hizi:

• Kazi ikiisha, futa mkasi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha ukaushe kabisa, hasa kwenye kiungo.

• Tia tone moja la oili ya cherehani kwenye kiungo, fungua na kufunga mara kadhaa, futa inayobaki ili isichafue manyoya. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa sababu hunata na kushika vumbi. Mafuta ya nazi nayo huganda joto likishuka karibu nyuzi 24, na asubuhi za Julai utaukuta mkasi umegoma.

• Weka mkasi ndani ya kitambaa kikavu chenye oili kidogo, kwenye kopo lenye kifuniko. Usiutupe ndani ya kopo pamoja na ndoano.

• Mkasi usianguke. Ukianguka kwa ncha kwenye sakafu ya saruji, mara nyingi safari yake imeishia hapo. Wengine hufunga utepe unaoning'inia shingoni.

• Watoto wasiuchezee. Ncha zake ni nyembamba na ni hatari kwa macho.

Kunoa

Kama makali yamefifia kidogo, kata kipande cha msasa laini mara sita au saba. Husaidia kwa muda tu. Kwa kunoa hasa, tumia kinoo laini chenye maji au oili. Fungua mkasi, laza upande wa mteremko wa bapa juu ya kinoo kwa pembe ileile aliyoiweka fundi wa kwanza, na uvute kutoka kwenye kiungo kwenda ncha, mkono mwepesi. Mara chache zinatosha. Usinoe uso wa ndani, ule unaogusana na bapa la pili. Ukiusaga, uwazi mwembamba tulioutaja utapotea, na mkasi hautakata tena vizuri. Upande wenye meno nao uachwe, noa upande laini peke yake. Usikubali mtu aguse mkasi mdogo kwa tupa au mashine ya kunolea mapanga.

Hesabu ya rahisi na ghali

Tuchukue mfano tu, bei halisi ulizeni madukani. Mkasi wa kwanza ni shilingi 2,000 na unadumu miezi miwili. Mkasi wa pili ni shilingi 15,000 na ukitunzwa unadumu miaka mitatu, yaani miezi 36. Katika miezi 36 utanunua mkasi wa kwanza mara 18, jumla shilingi 36,000. Umelipa zaidi ya mara mbili, na muda wote huo umefanya kazi kwa mkasi mbaya. Hapo bado hujahesabu chambo kilichorudishwa, wala mteja ambaye hakurudi.

Tatizo la mtu maskini ni kwamba shilingi 2,000 anazo leo, 15,000 hana. Ndiyo maana kikundi kina maana. Kikundi chetu kiliamua kununua mikasi michache mizuri kutoka kwenye mfuko katika msimu wa korosho, fedha zinapokuwa mikononi, badala ya kumnunulia kila mtu mkasi dhaifu. Kila mkasi una alama na umeandikwa kwenye daftari, pamoja na jina la anayeutunza. Wawili wanautumia kwa zamu: mmoja anapofunga, mwenzake anachagua manyoya na kupaka rangi ya kucha kwenye mafundo. Hatukuanza tena na mikasi kumi na miwili. Tulianza na minne.

Yule mzee tulimpelekea chambo kipya bila malipo. Alikivuta uzi kwa meno mbele yetu, akakizungusha kwenye mwanga, halafu akauliza kwa nini tangu mwanzo hatukumwonyesha kwanza yeye kabla ya kuuza. Hatukuwa na jibu. Sasa kila fungu jipya hukaguliwa na mvuvi mmoja kabla ya kuuzwa, na kijana wa kokoro ndiye anayelipeleka pwani.

Neno la imani

Kikundi chetu kina Wakristo na Waislamu, na tunapoanza kazi kila mmoja huomba kwa namna yake. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, mstari wa 10, kinatukumbusha kwamba anayetumia chuma butu bila kukinoa atalazimika kuongeza nguvu, na kwamba hekima ndiyo inayofanikisha. Katika Injili ya Marko, sura ya 1, Yakobo na Yohana waliitwa wakiwa chomboni wanatengeneza nyavu zao. Nao ndugu zetu Waislamu walitueleza habari za Nabii Daudi katika Sura ya 34 ya Kurani: Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akamwamuru atengeneze mavazi ya vita na apime sawasawa pete zake.

Tulipokaa na mafundisho hayo tuliona kosa letu lilivyokuwa. Tulidhani kwamba kwa kuwa tunatoa msaada, kitu chochote kinatosha. Anayenunua chombo kwa fedha za watu maskini ana wajibu wa kukijaribu kama vile atakitumia mwenyewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni chombo gani katika kazi yenu ambacho mkikipata kibovu kazi yote huharibika? Nani hukinunua, na hukijaribu vipi?

2. Je, wanachama wenu wana uhuru wa kusema kwamba kifaa walicholetewa hakifai? Kama hawana, ni nini kinachowazuia?

3. Fanyeni hesabu ya kifaa kimoja mnachokinunua mara kwa mara. Kimewagharimu kiasi gani kwa miaka mitatu?

4. Katika kijiji au mtaa wenu, kijana anayeacha uvuvi haramu anapewa nini mkononi ili asirudi nyuma?

Tunawatakia kazi njema na bahari tulivu. Mungu awabariki.